Pembe Nne za Rangi ya Kucha

Kwa kusimulia kesi za polisi, sijaona wa kunishinda. Hata polisi wenyewe huja kuniuliza. Basi, alikuja mmoja, na alichoniuliza ni choo kiko wapi. Lakini alipotoka alikuwa mtu mwenye shukrani, akanilipa kwa hadithi, na hadithi yenyewe ndiyo hii.

Iliibwa chupa. Si chupa ya kutisha. Ukiikunjia ngumi inapotea. Ilikuwa ikikaa ndani ya jokofu dogo, katika chumba cha hadubini, kwenye jengo la maabara, na jokofu lilifungwa kwa kufuli. Alhamisi asubuhi kufuli lilikutwa sakafuni limeachama mdomo, kando yake nondo ya chuma. Chupa haikuwepo.

Nondo ilikuwa ya mlinzi wa langoni. Hilo halikuwa na ubishi. Alikuwa ameizungushia kitambaa cha kijani pale anaposhika, isimchubue kiganja, na hakuna mwingine mtaa mzima mwenye nondo iliyovaa.

Aliyepewa kesi ni Inspekta mmoja mwanamke ambaye kituo kizima kilimwita Hatulii. Akiketi, goti linacheza. Akisimama, anatembea. Mumewe alikuwa akisema kwamba hata shuka lao huamka limechoka. Msaidizi wake alikuwa Sajini Kiti, mtu mnene na mpole, ambaye akiingia chumba chochote, hata chenye maiti, jicho lake la kwanza hutafuta pa kukaa. Sijui nani aliwapanga wawili hawa pamoja, ila nadhani alikuwa na masihara.

Mlinzi alikuwa tayari amefungwa pingu, amekalishwa kwenye benchi la mapokezi. Mkewe alikuwa ameshafika mbio, kanga imekaa upande, chupa ya chai kwapani.

"Unaitwa Komeo?" Hatulii aliuliza, akipita mbele yake mara ya tatu.

"Ndivyo wanavyoniita, afande. Kwa sababu nikifunga, nimefunga."

"Nondo hii yako?"

"Yangu."

"Jana jioni ilikuwa wapi?"

"Kibandani. Imeegemea kiti changu, mkono wa kulia."

"Nani aliichukua?"

"Hakuna. Hakuna aliyekaribia kibanda."

"Labda ulipitiwa na usingizi kidogo."

Komeo alijivuta akawa mrefu kuliko benchi lilivyomruhusu. "Afande, umri wote huu langoni, jicho langu halijawahi kupepesa kazini."

Mkewe akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kisicho na mafua.

"Profesa mwenye maabara aliondoka saa ngapi jana?"

"Saa ya kawaida."

"Ya kawaida ndiyo ipi?"

"Ile anayoondokaga."

Hatulii alisimama. "Sikiliza, mzee wangu. Kama hukulala, na kama hakuna aliyekaribia kibanda, basi nondo imebebwa na wewe. Alasiri unapelekwa kwa hakimu, na kutoka pale ni mahabusu. Fikiri vizuri. Ulilala?"

Komeo alifikiri. Ilionekana wazi kwamba hesabu ile hakuipenda. Alimtazama mkewe, akatazama lango kupitia dirisha, lango lake, ambalo leo lilikuwa linafunguliwa na mtu mwingine.

"Sikulala," akasema.

"Haya," alisema Hatulii, na miguu ikampeleka ghorofani.

Profesa alimpokea amesimama. Alikuwa na suti nzuri na sauti nzuri zaidi.

"Ni dhahabu, Inspekta. Lakini si ya kuvaa shingoni. Imesagwa ikawa chembe ndogo kiasi kwamba unywele wako ukiwekwa kando yake ni gogo. Ukifika udogo huo, dhahabu haiwi njano tena. Inakuwa nyekundu, kama juisi ya zabibu."

"Ya kazi gani?"

"Kubebea dawa ndani ya mwili. Tatizo la dunia nzima ni kwamba chembe hizi zina tabia ya kushikana. Zikishikana, zinakuwa mabonge, hazifai. Mimi nimezivalisha koti. Chupa ile imetimiza mwaka, na kila chembe bado inacheza peke yake. Leo wageni walikuwa waje kuishuhudia. Wako njiani hivi sasa!"

"Pole. Mara ya mwisho kuiona?"

"Jumatatu. Nyekundu, safi kabisa."

"Jana?"

"Jana sikuingia chumba cha hadubini. Msaidizi wangu alitoka mapema, nami nikafuata muda si mrefu."

"Mlinzi angeipeleka wapi?"

"Kwa washindani wangu."

"Angewajulia wapi washindani wako?"

"Hiyo si ndiyo kazi yako, Inspekta?"

Hatulii alikuwa ameshafika dirishani, akarudi, akashika kikombe cha kalamu, akakiacha. "Wewe mwenyewe unatumia hadubini?"

Profesa alicheka kidogo. "Vidole vyangu viliacha kazi hiyo zamani. Siku hizi vinatia sahihi tu. Kioo cha sampuli sijakigusa miaka."

Sajini Kiti, ambaye alikuwa amepata kiti kizuri chenye mto, aliandika yote hayo bila kuinuka.

Chumba cha hadubini kilikuwa cha giza, madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi. Ndani alikuwemo msaidizi wa Profesa, msichana wa miwani minene, shavu moja limevimba kama ameficha limau. Walimwita Dada Miwani.

"Ni jino," alisema. "Limeng'olewa jana. Ulizeni tu, nitajibu kwa upande mmoja."

"Nionyeshe mnavyoviona hivyo vitu," alisema Hatulii.

"Dhahabu sina, imeibwa. Nahitaji kitu kingine chenye chembe. Maziwa yangefaa."

Hatulii alitoka, akarudi na chupa ya chai ya mke wa Komeo. Chai ya maziwa. Sajini Kiti aliifuata kwa macho kama mtu anayesindikiza jeneza.

Dada Miwani alichukua tone, akaliongezea maji mengi, akaweka tone la hayo juu ya kioo, akalifunika kwa kioo kingine chembamba kama gamba la kitunguu. Akawasha leza. Mwale mwembamba wa kijani ukaingia kwa ubavu.

"Umewahi kuona mwale wa jua ukipenya tundu la dirisha?" aliuliza. "Mara unaona vumbi linaelea?"

"Nimeona."

"Vumbi lilikuwepo tangu mwanzo. Hukuliona mpaka mwanga ulipolipiga kwa upande, ukatawanyika, ukakufikia. Hapa ni vivyo hivyo. Chembe yenyewe ni ndogo mno, hadubini haiwezi kukuonyesha umbo lake. Inakuonyesha mwanga inaourusha. Tazama."

Hatulii akainama. Kulikuwa na giza, na ndani ya giza nukta za mwanga, nyingi, zikitetemeka. Hakuna iliyotulia. Zilirukaruka, zikageuka, zikarudi, kama zimeitwa na watu wawili kwa mpigo.

"Nani anazitikisa?"

"Maji. Maji hayatulii, hata yakiwa ndani ya glasi mezani. Yanazisukuma kila upande. Iliyo ndogo inarushwa mbali. Iliyo nene inayumba tu mahali pale pale. Kompyuta inazifuata moja moja na kuchora njia zake. Kwa njia hiyo tunajua unene wa kila moja."

Kwenye skrini mistari ilikuwa ikijichora. Chembe ndogo ziliacha nyuma yake uzi mrefu uliochafuka, kama kazi ya paka. Chembe nene ziliacha vifundo.

"Afande," alinong'ona Sajini Kiti. "Umekaa!"

Kweli. Hatulii alikuwa amekaa, na goti lake limenyamaza. Nadhani mtu akiona kitu kinachohangaika kuliko yeye, hupata kupumzika.

Sajini naye aliomba kutazama. Alitazama kwa muda. "Zimependeza," akasema. "Ndefu, nyeusi, zimejipanga."

"Hizo ni kope zako, kaka," alisema Dada Miwani.

Simu ikalia. Mkuu wa kituo. "Hatulii! Nondo ni yake, mtu anakiri ni yake, unasubiri nini? Gari linakuja kumchukua."

"Nipe muda kidogo, afande."

"Mpaka gari lifike. Ndio muda wenyewe huo."

Utulivu ukaisha. Hatulii aliinuka, akaanza kufungua makabati, kuchungulia chini ya meza, kugusa asivyopaswa kugusa. Kwenye kona palikuwa na kopo la bati.

"Hiki nini?"

"Vioo vilivyotumika. Tunavitupa humo."

Alivaa glavu, akavimwaga juu ya taulo. Vioo chungu nzima, kila kimoja kina kifuniko chake chembamba, na kila kifuniko kimezungushiwa kitu chekundu kinachong'aa.

"Macho yangu au hii ni rangi ya kucha?"

Dada Miwani alitabasamu kwa shavu moja. "Ndiyo yenyewe. Tone likiachwa wazi linakauka, kwa hiyo tunaziba kingo. Rangi ya kucha inakauka upesi, haivuji. Wageni wakija huwa tunaificha, wanadhani tunajipamba."

Hatulii alikuwa ameshanyanyua kioo kimoja. Hiki kingo zake zilikuwa za rangi ya chungwa.

"Na hiki?"

Msichana akakunja uso. "Rangi yangu nyekundu ilikauka jana. Nikatoka mchana kununua nyingine, ya chungwa, nikaiweka droo ile. Kisha nikaenda kwa daktari wa meno moja kwa moja. Bado sijaifungua."

Hatulii alivuta droo. Kichupa kilikuwemo, kipya, na shingoni pake rangi ilikuwa imechuruzika.

"Imefunguliwa."

"Si mimi."

Sajini Kiti alimpigia daktari wa meno bila kusimama. Alisikiliza, akakunja uso kwa huruma. "Anasema dada alikuwa kwake mpaka wanafunga. Anasema kelele zake zilifukuza wagonjwa wawili."

"Weka hiki chini ya leza," aliamuru Hatulii.

Tone lilikuwa bado bichi, limehifadhiwa na rangi ya kucha. Nukta zikatokea. Lakini hizi hazikuwa kama za maziwa. Zilikuwa chache, nene, zinang'aa kwa ukali. Zilisogea kivivu. Kompyuta ilichora vifundo, vifundo, vifundo.

Dada Miwani aliondoa mkono shavuni. Alikuwa amesahau maumivu.

"Ni dhahabu. Huo mng'ao hauigiki. Na humu ndani dhahabu ilikuwemo kwenye chupa moja tu." Akaisogelea skrini. "Zimeshikana, Inspekta. Zimeshikana zote. Chupa yenyewe lazima ilikuwa imegeuka zambarau. Mtu yeyote angeona, bila hadubini."

Hatulii alikuwa ameanza tena safari zake za ukutani na kurudi. "Kwa hiyo, jana baada ya mchana, mtu ametoa tone kwenye chupa. Ameliangalia. Kisha akaziba kingo vizuri, asije akapata hasara ya tone. Kisha akaiba. Sajini, umewahi kuona mwizi wa namna hiyo?"

"Mimi mwizi niliyemzoea haoshi hata mikono."

"Sasa vitazame vioo hivi tena. Vyekundu vya dada, rangi imepita kingoni tu, mzunguko mmoja. Cha chungwa kina nini?"

Sajini Kiti alisogeza kiti, si mwili. "Kina vinundu. Kila pembe kinundu."

"Mwite Profesa."

Nje, honi ya gari la polisi ililia langoni.

Profesa aliingia akitazama saa. Alimkuta Hatulii ameinama mezani, amepaka tone la chai juu ya kioo, amelifunika, na sasa ameshika brashi ya rangi ya kucha kama mtu anayetaka kupaka ukuta.

"Samahani, Profesa, nakupotezea muda. Najifunza tu kidogo kabla sijamchukua mtu wangu."

"Jifunze, jifunze."

Hatulii aliweka brashi katikati ya ukingo, akaivuta. Kifuniko kikateleza. Akakirudisha kwa kidole, akavuta tena. Kikateleza upande wa pili. Chai ikaanza kutoka. Profesa alikohoa. Akahama mguu. Hatulii alichovya brashi upya, rangi ikadondoka, akaanza tena katikati.

"Sio hivyo!" Profesa alishindwa. "Lazima kitateleza! Pembe kwanza! Tia kinundu kila pembe, zote nne, kishike, halafu ndio upitishe kingo!"

Hatulii aliweka brashi chini taratibu.

"Pembe kwanza," alisema. "Asante. Kama hiki hapa?" Akasogeza kioo cha chungwa chini ya taa.

"Kila mtu wa maabara anajua hilo."

"Dada, wewe unaanza na pembe?"

Dada Miwani alitazama sakafu. "Sina subira hiyo. Profesa alinigombeza sana zamani, mpaka akachoka."

"Rangi hii ilinunuliwa jana mchana. Tone hili limetoka kwenye chupa iliyoibwa. Profesa, nionyeshe kidole gumba."

"Cha nini?"

"Cha kulia."

Alikitoa kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Pembeni mwa ukucha, pale nyama inapokutana nao, palikuwa na mstari mwembamba wa chungwa.

"Karoti," alisema Profesa. "Nilikwangua karoti."

"Wewe, jikoni?"

"Mara moja moja."

Hatulii aliomba dawa ya kutoa rangi ya kucha. Dada Miwani alimpa kichupa na pamba. Inspekta alisugua mara moja, akainua pamba. Ilikuwa ya chungwa, na harufu yake chumba kizima kiliijua.

"Karoti hiyo ulioga nayo kwa sabuni asubuhi ikakataa kutoka. Imetii dawa ya kucha."

Profesa alitafuta kiti. Sajini Kiti, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alisimama akampisha.

"Nililifungua jokofu jana jioni kwa ufunguo wangu," Profesa alisema, na ile sauti nzuri ilikuwa imekwisha. "Nilitaka kuitazama tu kabla ya wageni. Ilikuwa zambarau. Mwaka mzima, Inspekta! Nimesimama mbele ya watu nchi ngapi nikisema zangu hazishikani. Nikasema labda macho yananidanganya. Nikatia tone chini ya leza."

"Ukaona vifundo."

"Nilikaa nazo mpaka giza likaingia. Nilidhani labda zitaachana." Alifuta uso. "Haziachanagi. Nawafundisha wanafunzi kila mwaka kwamba haziachani, na bado nilikaa."

"Mbona uliziba kioo cha kutupa?"

"Sikumbuki kukiziba. Mkono ulifanya wenyewe."

"Chupa?"

"Maji niliyamwaga kwenye sinki. Chupa imo kwenye gari langu, ndani ya soksi. Kama imeibwa, hakuna atakayejua imeharibika. Wageni wangenipa pole, wangenipa muda nitengeneze nyingine."

"Na Komeo?"

"Sikumtaja popote!"

"Hukumtaja. Ulilaza nondo yake sakafuni, ukaacha imtaje yenyewe. Asubuhi ulimwona anavishwa pingu, ukasimama hapo juu na suti yako."

Dada Miwani alikuwa analia, na sijui kama ni jino.

"Nilihitaji kitu cha kuvunjia kufuli tu," alisema Profesa mwishowe. "Nilishuka langoni nikaichukua."

Hatulii aligeuka. "Uliichukua mbele ya mlinzi?"

"Mlinzi gani? Alikuwa anakoroma. Amejifunika kofia usoni. Nilipoinua nondo alisema, 'Ongeza chumvi,' akaendelea."

Sajini Kiti alikuwa anaandika. Aliacha. Alitazama dari, mabega yakitikisika.

Wakamshusha Profesa. Pale mapokezi askari walikuwa wameshamwinua Komeo ili wamtie garini. Hatulii aliwasimamisha, akatoa ufunguo, akazifungua pingu mwenyewe, na pingu zile zile zikahamia mikono mingine. Mke wa Komeo alipiga kigelegele kifupi, kisha akakumbuka ni ofisi, akakimeza.

"Nilikwambia, afande," alisema Komeo, akisugua vifundo vya mikono. "Mimi nikifunga, nimefunga."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mkewe alisema, macho kwa Profesa. Kisha, sijui kwa nini, akayahamishia kwa mumewe.

"Kweli kabisa," alisema Hatulii. Alikuwa amesimama, hatembei, hata kidole hakichezi. "Mzee wangu, unajua ungekuwa nyumbani kwako tangu asubuhi? Neno moja tu ungesema. Kama ulilala, mtu yeyote angeweza kuchukua nondo. Wewe ukang'ang'ania hukulala, ukajifunga mwenyewe."

"Lakini sikulala, afande. Wangenifukuza kazi. Yaani, wangenifukuza kama ningelala. Sikulala."

"Sawa. Naandika maelezo ya mwisho, basi. Hukulala."

"Hata dakika."

"Na ile kofia yako nzuri, ulipoamka uliikuta wapi?"

"Miguuni, afande, ilikuwa imeang—"

Komeo alifunga mdomo, na safari hii alifunga kweli.